Kutafuta mimba ukiwa na miaka 35 na kuendelea: mwongozo kamili wa miezi sita

Wanawake wengi waliovuka miaka 35 wakikwama kwenye kutafuta mtoto, hukwama palepale. Wanakutana na mume siku ya 14 tu kwa sababu ndivyo walivyosikia. Wanapima homoni siku yoyote waliyopata nafasi ya kwenda maabara. Mume hajapimwa hata mara moja. Mwaka mzima, pengine miwili, unaishia kwenye vidonge vya kusafisha kizazi.

Mwongozo huu unapanga kazi hiyo ndani ya miezi sita. Ukiwa chini ya miaka 35, madaktari hukupa mwaka mmoja wa kujaribu wenyewe. Kuanzia 35 ni miezi sita. Ukifika 40 hakuna muda wa kusubiri: anza hatua za mwanzo huku umeshaweka miadi na daktari wa magonjwa ya wanawake. Usisubiri pia kama hedhi yako hupotea kwa miezi, umewahi kuugua PID (maambukizi ya kizazi na mirija), mimba iliwahi kutunga nje ya kizazi, umepasuliwa ovari au umetibiwa saratani.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari au programu ya simu ya kuandika hedhi. Daftari linatosha, na halikupi utabiri wa kubahatisha.
- Tarehe za hedhi zako sita zilizopita. Kama hukuandika, anza leo.
- Vipimo vya mkojo vya LH, vile vya kujua yai linakaribia kupevuka. Chukua 10 hadi 15 kwa mzunguko mmoja. Vya karatasi vinavyouzwa kwa wingi vinatosha.
- Kipimajoto cha kidijitali kinachoonyesha desimali mbili, kwa mfano 36.45. Si lazima, lakini kinasaidia.
- Asidi ya foliki ya mikrogramu 400, yaani miligramu 0.4.
- Majibu yote ya zamani: ultrasaundi, upasuaji, mimba zilizotoka. Weka kwenye faili moja. Daktari asipoyaona ataanza upya, nawe utalipa upya.
- Mume au mwenza aliyekubali kupimwa. Bila yeye nusu ya kazi haifanyiki.

## Umri unabadilisha nini hasa

Mwanamke huzaliwa na mayai yake yote, kama milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo hubaki na 300,000 hadi 400,000. Akifika miaka 37 ana kama 25,000. Uwezo wa kushika mimba huanza kupungua taratibu kwenye miaka 32, na baada ya 37 hushuka kwa kasi. Aliye katika miaka ya 20 ana nafasi kama 1 kati ya 4 kila mwezi. Kwenye 40 ni 1 kati ya 10 au pungufu.

Idadi ni upande mmoja tu. Yai lililokaa mwilini miaka 38 hukosea zaidi kugawanya kromosomu zake, na mimba nyingi zenye kosa hilo haziendelei. Ndiyo maana mimba zinazotoka huongezeka: chini ya miaka 30 ni kama 1 kati ya 10, kwenye 40 ni kama 1 kati ya 3, na kwenye 45 ni zaidi ya nusu. Uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa wa Down ni kama 1 kati ya 940 mama akiwa na miaka 30, 1 kati ya 350 akiwa na 35, na 1 kati ya 85 akiwa na 40. Isome namba hiyo ya mwisho vizuri: watoto 84 kati ya 85 wa mama wa miaka 40 hawana ugonjwa huo. Anayekutisha kwamba "ukizaa na 40 utapata mtoto mgonjwa" anazidisha.

Kuna imani mbili zinazowachelewesha watu. Ya kwanza: "hedhi yangu haikosei, kwa hiyo niko sawa." Hedhi inaweza kwenda kama kawaida miaka kadhaa baada ya mayai mazuri kupungua. Ya pili: "nilishazaa wawili bila shida." Uliwazaa ukiwa na miaka 24. Mirija inaweza kuziba baada ya mimba kutoka au maambukizi ya baada ya kujifungua, na hilo hujitokeza sana kwa wanawake ambao tayari wana mtoto.

## Hatua ya 1: Acha njia ya uzazi wa mpango kwa hesabu

Hapa ndipo miezi ya kwanza hupotea, kwa sababu njia hazitoki mwilini kwa kasi moja.

Vidonge: wengi hurudi katika mzunguko wao ndani ya mwezi 1 hadi 3.

Kitanzi na vijiti: uwezo hurudi mara tu vinapotolewa. Hakuna haja ya "kupumzisha kizazi". Hakikisha vijiti vimetoka vyote. Jadelle ni viwili, Implanon NXT ni kimoja. Omba uonyeshwe.

Sindano ya miezi mitatu (Depo): hii ndiyo yenye mtego. Tangu sindano ya mwisho, wastani wa kushika mimba ni miezi 9 hadi 10, na wengine hufika mwaka na nusu. Haiharibu kizazi, ila inachelewa. Mwenye miaka 36 anayetaka mtoto mwakani aiache leo, atumie kondomu au vidonge kwa muda uliobaki. Kwa maoni yetu, mwanamke wa miaka 34 na zaidi ambaye bado anataka mtoto asichaguliwe sindano bila kuambiwa hili waziwazi.

Kama una mtoto mchanga, Shirika la Afya Duniani linapendekeza miezi 24 kabla ya mimba nyingine. Kwa aliyevuka 35, kungoja nako kuna gharama yake, hivyo daktari anaweza kukubali muda mfupi zaidi, mara nyingi kati ya miezi 12 na 18. Chini ya miezi 6 ni hatari kwa mama na mtoto. Uliyejifungua kwa upasuaji, usiukate muda huo bila daktari.

Hatua hii imekamilika ukiona hedhi mbili mfululizo zenye umbali unaofanana.

## Hatua ya 2: Andaa mwili kwa mwezi mmoja

Anza asidi ya foliki leo, kidonge kimoja cha mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, na uendelee hadi wiki ya 12. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo, wengi wakiwa hawajajua wana mimba.

Angalia kipimo kwenye paketi. Vidonge vingi madukani ni vya miligramu 5, zaidi ya mara kumi ya kiwango hicho. Hivyo ni kwa watu maalumu: aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, mwenye kisukari, anayetumia dawa za kifafa, mwenye selimundu. Kuna jambo jingine linalosahaulika: dawa ya SP ya kukinga malaria, inayotolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, hupungua nguvu ukiwa unameza foliki ya miligramu 5. Ya miligramu 0.4 haina shida hiyo. Mweleze muuguzi unachotumia.

Pima mapema: presha, sukari, wingi wa damu, kundi la damu, VVU, kaswende na homa ya ini B. Nyinyi wawili mpime pia selimundu. Wote mkiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa, na ni bora kulijua kabla. Mwenye VVU anaweza kutafuta mtoto salama. Subiri virusi viwe havionekani kwenye kipimo, na kliniki yako ijue mpango wako.

Sigara iache kabisa, kwa kuwa huleta ukomo wa hedhi mwaka 1 hadi 4 mapema. Pombe nayo iache. Kahawa isizidi vikombe viwili kwa siku. Uzito ukizidi sana au kupungua sana yai halipevuki kwa utaratibu, na kupunguza hata asilimia 5 hadi 10 ya uzito huweza kurudisha hedhi iliyopotea.

Kuhusu vidonge vya kuingiza ukeni na mitishamba ya "kutoa uchafu": kizazi hujisafisha chenyewe kila mwezi. Vidonge hivyo hukwangua ukuta wa uke na kuua bakteria walinzi, na kile "uchafu" kinachotoka mara nyingi ni ute na ngozi iliyojeruhiwa. Maambukizi yanayofuata yanaweza kupanda hadi kwenye mirija. Kujiosha ndani kwa sabuni, ndimu au dawa ya meno kuna madhara hayohayo.

## Hatua ya 3: Zijue siku zako, si za jirani

Siku ya 1 ni siku damu inapotoka ya kutosha kuhitaji pedi. Matone ya kahawia ya siku moja kabla hayahesabiwi. Ukikosea hapa, kila hesabu inayofuata inakosea.

Yai hupevuka kama siku 14 kabla ya hedhi inayokuja, si siku ya 14 baada ya iliyopita. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28 siku hizo zinagongana, ndipo uvumi ulipotoka. Lakini kadiri mwanamke anavyoelekea 40, mzunguko wake hufupika: uliokuwa wa siku 28 unakuwa wa 26, kisha 25. Mwenye siku 25 yai lake linatoka karibu siku ya 11. Akisubiri siku ya 14, yai limekufa siku mbili zilizopita, maana huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za kiume huweza kusubiri ndani hadi siku 5. Kwa hiyo siku nzuri ni tano kabla ya yai na siku yenyewe, na siku mbili kabla ndizo zenye nguvu zaidi.

Fanya hivi:

1. Chukua mizunguko sita. Toa 18 kwenye mfupi kuliko yote, na 11 kwenye mrefu. Mfano: mfupi ni 26, mrefu ni 31. Siku zako ni ya 8 hadi ya 20.
2. Angalia ute. Siku za mimba zikikaribia, ute unakuwa mwingi, wa kuteleza, unaovutika kati ya vidole viwili kama ute wa yai bichi bila kukatika. Siku ya mwisho ya ute huo ndiyo ya jirani kabisa na yai.
3. Anza vipimo vya LH. Toa 17 kwenye mzunguko mfupi. Kwa siku 26 unaanza siku ya 9. Pima kati ya saa nne asubuhi na saa mbili usiku, muda uleule kila siku, bila kunywa maji mengi saa mbili kabla.
4. Kama una kipimajoto, pima joto kinywani kila asubuhi kabla hujanyanyuka kitandani. Baada ya yai kutoka joto hupanda nyuzi 0.2 hadi 0.5 na kubaki juu. Hili linakuthibitishia yai lilitoka, halikuonyi mapema.

Kosa kubwa la kipimo cha LH: kukisoma kama cha ujauzito. Cha ujauzito, mstari wa pili hata ukiwa hafifu ni chanya. Cha LH ni chanya tu mstari wa kipimo ukiwa mzito sawa na ule wa kulinganishia au kuuzidi. Ukikiona hivyo, yai litatoka ndani ya saa 24 hadi 36.

Kikiwa chanya siku sita au saba mfululizo, hasa kwa mwenye hedhi zinazoachana sana, chunusi na ndevu kidevuni, shuku ovari zenye vifuko vingi. Kisipokuwa chanya miezi mitatu mfululizo, usingoje mwezi wa sita.

## Hatua ya 4: Kukutana bila kugeuza chumba kuwa maabara

Kutaneni kila siku moja baada ya nyingine katika siku zenu nzuri. Kipimo cha LH kikiwa chanya, kutaneni siku hiyo na inayofuata. Kila siku pia ni sawa mume akiwa mzima. Kujizuia wiki nzima "ili mbegu ziwe nyingi" hakusaidii: baada ya siku tano hivi mbegu huzeeka na mwendo wake hupungua.

Mate, mafuta ya nazi, mafuta ya kujipaka na vilainishi vya kawaida vinaweza kupunguza mwendo wa mbegu. Mkihitaji kilainishi, tafuteni kilichoandikwa kuwa hakidhuru mbegu. Mlalo haujalishi, na kuinua miguu ukutani hakuna ushahidi. Manii yanayotoka ukisimama ni maji ya ziada. Mbegu za kazi zimeshapita mlango wa kizazi.

Uwe mwangalifu na dawa za maumivu. Diklofenaki na ibuprofeni zikitumika karibu na siku ya yai zinaweza kulizuia lisitoke kwenye kifuko chake. Unayeumwa mgongo au magoti na kuzimeza kila siku, omba daktari akubadilishie, au tumia parasetamoli siku hizo.

## Hatua ya 5: Mume apime mwezi wa kwanza

Karibu nusu ya matatizo ya kupata mimba yanamhusu mwanamume pia, peke yake au pamoja na mke. Kipimo chake ni rahisi, hakina maumivu na kina bei ndogo kuliko karibu vipimo vyote vyako. Kumpasua au kumpiga mke sindano za homoni kabla ya kupima manii ya mume ni kupoteza pesa. Kuwa na mtoto nje au wa zamani hakumwondolei kupima.

Maelekezo ya sampuli:

- Ajizuie siku 2 hadi 7, si zaidi.
- Atoe kwa mkono kwenye kopo la maabara, bila sabuni, mate wala mafuta. Kondomu ya kawaida haifai. Ina kemikali zinazoua mbegu.
- Akitolea nyumbani, ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa mfukoni karibu na mwili. Isiwekwe kwenye friji wala juani.
- Tone la kwanza likimwagika aseme, kwa kuwa ndilo lenye mbegu nyingi.

Viwango vya chini vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2021: ujazo mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, zinazosogea asilimia 42, zinazokwenda mbele asilimia 30, zenye umbo la kawaida asilimia 4. Wengi hushtuka kwa hiyo 4, ndiyo kawaida. Majibu yakiwa mabaya, yarudiwe kabla ya uamuzi wowote, maana homa kali au malaria ya mwezi jana inaweza kuyashusha. Mbegu huchukua kama miezi mitatu kutengenezwa, hivyo mabadiliko ya leo yataonekana baada ya muda huo.

Anayechoma testosteroni ya mazoezi ya kujaza mwili aiache sasa. Huzima kabisa utengenezaji wa mbegu, na kurudi kunaweza kuchukua miezi mingi.

## Hatua ya 6: Vipimo vyako, kila kimoja siku yake

Fanya hivi kufikia mwezi wa tatu au wa nne, mapema zaidi ukiwa na 38 au zaidi.

Siku ya 2 hadi 4 ya hedhi: FSH (homoni inayokuza mayai), LH na estradioli (aina ya estrojeni). FSH ya zaidi ya 10 inaashiria akiba ya mayai imepungua. Ipimwe pamoja na estradioli, kwa sababu estradioli ikiwa juu huishusha FSH na kukupa matumaini ya uongo. FSH iliyopimwa siku ya 17 haina tafsiri kwa jambo hili. Ukiletewa majibu ya namna hiyo, rudia.

Siku yoyote: AMH, homoni ya tezi ya shingo (TSH) na prolaktini (homoni ya maziwa). Prolaktini ipimwe asubuhi, bila kuwa umetoka kushikwa matiti au kukimbia. AMH chini ya 1 ng/ml ni ndogo. Maabara nyingine huandika pmol/L. Gawa kwa 7.14 kupata ng/ml, usije ukalia bure au kushangilia bure.

AMH imewaliza wengi kuliko inavyostahili. Inakadiria idadi ya mayai na jinsi ovari zitakavyoitikia sindano za IVF (kutungisha mimba maabara). Haisemi kama utashika mimba kwa njia ya kawaida. Mwenye miaka 32 na AMH ndogo bado ana mayai ya miaka 32.

Siku 7 kabla ya hedhi inayotarajiwa: projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka. Kwa mzunguko wa 28 ni siku ya 21, kwa wa 32 ni siku ya 25. Zaidi ya 3 ng/ml inathibitisha yai lilitoka.

Ultrasaundi ya ukeni, siku ya 2 hadi 5: huhesabu vifuko vidogo vya mayai na kuona fibroidi (uvimbe wa kizazi). Waliopata fibroidi waulize swali moja: ipo wapi? Iliyoingia ndani ya chumba cha kizazi huzuia mimba kushika na mara nyingi hutolewa. Iliyo nje ya kizazi huachwa mara nyingi. Upasuaji wa fibroidi unakuhitaji kusubiri miezi 3 hadi 6 kabla ya kujaribu tena, na ukiwa na miaka 39 hilo si jambo dogo, kwa hiyo usikubali wala kukataa kwa sababu ya neno "uvimbe" tu.

Kipimo cha mirija (HSG): baada ya damu kukata na kabla ya siku ya 12, bila kukutana tangu hedhi ianze. Dawa maalumu hupitishwa kizazini na picha za eksirei hupigwa. Inauma kama hedhi kali kwa dakika chache. Muulize daktari kuhusu dawa ya maumivu saa moja kabla. Kama uliwahi kuugua PID, uliza kuhusu antibiotiki. Homa, harufu mbaya au maumivu yanayozidi baada ya siku moja: hospitali.

Jibu la "mirija imeziba pale inapoanzia" linaweza kuwa misuli tu iliyojikaza wakati wa kipimo. Lithibitishwe kabla ya kupasuliwa. Mrija uliojaa maji ni habari nyingine: maji hayo hupunguza mafanikio ya IVF karibu nusu, hivyo huondolewa au kufungwa kwanza.

## Hatua ya 7: Miezi sita imepita

Sasa una faili. Daktari mwenye faili hilo anaweza kuamua siku ya kwanza.

Yai halitoki vizuri, mirija iko wazi, mbegu nzuri. Dawa za kupevusha: letrozoli miligramu 2.5 hadi 7.5 kwa siku tano, kwa kawaida siku ya 3 hadi 7, au klomifeni kuanzia miligramu 50. Zitumike ukifuatiliwa kwa ultrasaundi. Kununua klomifeni dukani na kuimeza miezi minane mfululizo ni kosa tunaloliona kila mara: hukausha ute, hupunguza unene wa ukuta wa kizazi, huongeza mapacha, na kwa mwenye mirija iliyoziba haina kazi yoyote.

Hakuna sababu iliyoonekana. Kupandikiza mbegu kizazini (IUI) kunaweza kujaribiwa, lakini usizidishe mara tatu. Kuanzia miaka 38, madaktari wengi hushauri kwenda IVF moja kwa moja.

Mirija imeziba, mbegu chache sana, au umri umesonga. IVF. Kwa takwimu za Marekani, mwanamke wa chini ya 35 anayetumia mayai yake ana nafasi ya karibu nusu ya kupata mtoto kwa kila uvunaji wa mayai. Kwenye 41 na 42 ni kama 1 kati ya 8, na baada ya hapo hushuka chini ya asilimia 5. Kliniki ikikuahidi asilimia 60 ukiwa na 43, uliza kama ni kwa mayai yako au ya kuchangiwa, na kama wanahesabu kipimo chanya au mtoto aliyezaliwa.

Uliza pia bei kamili ikiwa na sindano, dawa ya usingizi, maabara na kuhifadhi viinitete (mayai yaliyokwisha kurutubishwa). Bei ya tangazo mara nyingi haina sindano. Ikague bima yako kabla, kwani nyingi hazigharamii IVF. Omba kurudishiwa kiinitete kimoja. Mapacha kwa mama wa miaka 40 huongeza kifafa cha mimba na kuzaliwa njiti.

Mayai ya kuchangiwa hufuata umri wa aliyeyatoa, kwa sababu kizazi hakizeeki kwa kasi ya ovari. Ni njia yenye mafanikio makubwa, na ndiyo yenye mjadala mkubwa nyumbani. Wanazuoni wa Kisunni kwa ujumla wanaikataa, na Kanisa Katoliki linakataa IVF yenyewe. Mliongee hilo kabla ya kulipa amana, si baada.

## Hatua ya 8: Kipimo kimekuwa chanya

Pima mkojo wa asubuhi kuanzia siku hedhi ilipokosekana. Ultrasaundi wiki ya 6 hadi 7 kuona mimba imekaa ndani ya kizazi, kwani kutunga nje huongezeka kwa umri na kwa mirija iliyougua. Maumivu makali ya upande mmoja, kizunguzungu, maumivu ya bega au damu: nenda hospitali usiku huohuo.

Anza kliniki kabla ya wiki ya 12 na utaje umri wako. Uliza kuhusu aspirini ya kiwango kidogo ya kukinga kifafa cha mimba, ambayo huanzishwa kati ya wiki ya 12 na 16 kwa walio hatarini. Sukari ya mimba hupimwa wiki ya 24 hadi 28.

## Kama mtoto si wa sasa, au si tena

Una 30 hadi 34 na hujawa tayari. Tumia njia inayorudisha uwezo haraka: kitanzi, vijiti au vidonge. Ukifikiria kugandisha mayai, fanya kabla ya 35 kama pesa inaruhusu. Baada ya 38 utahitaji kuvuna mayai mengi zaidi kwa mtoto mmoja. Uliza ada ya kuhifadhi ya kila mwaka, si ya kuvuna tu, na kumbuka mayai yaliyogandishwa hayakuhakikishii mtoto.

Una zaidi ya 40 na umemaliza kuzaa. Usiache kinga kwa kudhani umri umekukinga. Mimba zisizotarajiwa za miaka 43 zipo nyingi kliniki. Vidonge vyenye estrojeni havifai kwa mwenye presha, au mvutaji sigara wa 35 na zaidi. Kitanzi cha shaba kilichowekwa ukiwa na 40 au zaidi kinaweza kubaki hadi ukomo wa hedhi. Kufunga kizazi ni kwa kudumu. Kwa mume ni upasuaji mdogo zaidi, na lazima mtumie kinga nyingine kwa miezi mitatu, kisha manii yapimwe kuthibitisha hayana mbegu.

Hedhi ikikoma yenyewe, bila dawa za homoni, ukiwa chini ya miaka 50, endelea na kinga miaka 2. Ukiwa na 50 au zaidi, mwaka 1 unatosha.